Jibu: Kwa nini Yogi Bear, yule dubu wa katuni, ana kola na tai lakini hana shati?

Mkuu, hiyo kola si urembo, ni ujanja wa kubana matumizi. Filamu hukimbia fremu (picha moja moja) 24 kwa sekunde, kwa hiyo katuni ya dakika 7 ni fremu 10,080. Hata kila mchoro ukiushikilia fremu mbili, bado unadaiwa michoro 5,040, na bajeti ya televisheni ya 1958 haikufika huko. Hanna-Barbera, studio iliyomtengeneza, wakamgawa mhusika vipande: kiwiliwili kwenye plastiki moja angavu, kichwa kwenye nyingine juu yake. Yogi akiongea, kinachochorwa upya ni kichwa tu. Kola inaficha kiungio. Bila hiyo, rangi ya manyoya ikipishana kidogo kati ya plastiki mbili, mstari unaonekana shingoni. Tai ya kipepeo ya Boo-Boo, rafiki yake mdogo, inafanya kazi hiyohiyo.

Angalia "Pie-Pirates", moja ya katuni zake za mwanzo, ile ya kuvizia pai dirishani huku mbwa akilinda. Wakipiga soga, kodolea macho tumbo la Yogi: limeganda. Wakikimbia, hesabu miti, maana mandhari huzungushwa upya. Uhai mwingi, kusema kweli, umetoka kwenye sauti ya Daws Butler, mwigizaji aliyemsemea Yogi.