Mtoto ametiwa waya kiwikoni: maswali ya wazazi

Mwanangu wa miaka 6 amevunjika mfupa juu ya kiwiko. Kwa nini wamtie waya badala ya plasta tu?

Pole sana, mama. Mfupa ukipasuka bila kuhama, plasta inatosha. Ukihama, daktari huurudisha mahali pake mtoto akiwa amelazwa kwa nusukaputi, ila hautulii. Ili plasta peke yake iushike, mkono ungelazimika kukunjwa sana, na kiwiko kilichovimba kikikunjwa hivyo mshipa wa damu unaweza kubanwa. Waya mbili au tatu, zenye unene wa milimita 2 hivi, hupenyezwa kwenye ngozi na kuushika mfupa, mara nyingi bila kupasua. Pia, mfupa huu hurefuka zaidi upande wa bega. Ukiunga umepinda pale kiwikoni, usitegemee utajinyoosha wenyewe.

Tumeruhusiwa jana. Amepewa dawa ya maumivu lakini amelia usiku kucha. Ni kawaida?

Hapana! Mrudisheni hospitali sasa hivi, msingoje siku ya kliniki. Maumivu ya kawaida hupungua kwa dawa. Yakizidi, huenda misuli ya mkono imevimba hadi damu haipiti, na ndani ya saa chache misuli hiyo huanza kufa. Daktari Volkmann wa Ujerumani alieleza mwaka 1881 vidole vinavyobaki vimejikunja kwa ajili hiyo, na mpaka leo silaha yetu kubwa ni kuwahi. Mnyooshe vidole taratibu: akipiga kelele, au vikiwa baridi, vimepauka au vina ganzi, ni dharura. Hata vikiwa na joto, maumivu yanayoongezeka yanatosha kuwarudisha. Nawaomba pia wazazi wamwambie mtoto aunganishe ncha ya kidole gumba na ya shahada, duara kamili. Akishindwa, mwelezeni daktari, kwani mshipa wa fahamu umeguswa. Mara nyingi huwa uliumia siku ileile ya kuanguka, na wengi hupona baada ya miezi kadhaa.

Waya zikitolewa atachomwa tena nusukaputi?

Kwa kawaida hapana. Ncha huachwa nje ya ngozi, zimekunjwa chini ya bendeji, na baada ya wiki 3 au 4 huvutwa kwa koleo palepale kliniki. Nimewaona watoto wakiuliza "Bado?" wakati waya ziko tayari kwenye sinia. Hadi siku hiyo bendeji isilowe maji. Mkiona usaha, wekundu unaosambaa au homa, rudini siku hiyohiyo.

Plasta imetoka, mkono haunyooki. Bibi yake anataka uchuliwe.

Mwambieni bibi kwa heshima: tafadhali, usichuliwe wala kuvutwa. Kiwiko kikilazimishwa huzidi kukakamaa, na mfupa unaweza kuota ndani ya msuli. Mwacheni ale, avae na achore kwa mkono huo. Utafunguka kidogokidogo kwa miezi kadhaa. Kupanda miti kungoje ruhusa ya daktari.