Chewa aliyerudishwa majini

Siku moja ya maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, tulipandisha lema, mtego wetu wa kusuka, nyuma ya mwamba wa Likoni. Ndani mna tafi kumi na kitu, pono watatu na chewa mmoja mpana, mdomo wazi kama mlango wa duka. Nilikwisha kumpigia bei moyoni. Mjomba akamshika, akamteremsha taratibu majini. "Dume hilo," akasema. Nilinuna hadi pwani.

Baadaye ndipo nikaelewa. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao wakishakuwa wakubwa hugeuka madume. Ukiwamaliza vigogo, mayai yanabaki bila wa kuyarutubisha. Pono wengi nao wako hivyo. Kwa hiyo kuachia wadogo peke yake hakutoshi. Mimi huchukua wa kati, nikaacha na wale wakubwa kupindukia.

Ila kuchagua kunaanzia kwenye chombo, maana nia njema haimfufui samaki aliyekufa. Juya, ule wavu mkubwa wa kuburuta, linakokota kila kitu, hata vitoto vya changu, ndiyo maana limepigwa marufuku. Lema lina fadhila: samaki anakaa hai mpaka ulivute, na kwa maji mafupi ukimrudisha anaogelea zake. Langu nimeliachia upenyo mwembamba ubavuni, wadogo watoke wenyewe kabla sijafika. Mlango naufunga kwa kamba ya makumbi, kamwe si nailoni. Lema likipotea baharini, makumbi yataoza na mlango ufunguke. Lililofungwa kwa nailoni litaendelea kuua miezi bila mwenyewe kula hata mmoja.

Kamba mawe, yaani lobsta, mgeuze kwanza. Ukiona mayai chini ya mkia, mrudishe, hata kama hoteli imeagiza.

Na uliyemchagua usimwache akitapatapa juani ndani ya dau. Pigo moja la kirungu kichwani, kisha barafu. Nyama yenyewe inakuwa tamu zaidi, wanunuzi wanajua.

Sitadanganya kwamba ni rahisi. Mama karanga wetu, mkaangaji na muuzaji wa samaki, huchukua vidogo kwa sababu ndivyo jirani zake wanavyomudu, na nilipoanza kuviachia alininunia wiki mbili. Hoja yake ilikuwa na uzito, sikuwa na jibu la kumshibisha. Tulipatana nimwekee pono wa kiganja kwa bei ya chini, vichwa vya changu nampa bure. Bado ananiita mjomba wa kurudisha samaki.