Maswali ya wasomaji: "Borrow" au "lend", "say" au "tell"?

Safari hii wasomaji wengi wametuuliza kuhusu maneno ya Kiingereza yanayokaribiana hadi yanachanganya. Tumechagua maswali sita. Mengine yana majibu marefu, mengine mistari michache inatosha.

Nikitaka kuomba kitu nakwama kati ya "borrow" na "lend". Kamusi inaniambia yote mawili ni kuazima. Tofauti iko wapi?

Kamusi haijakosea. Kuazima kwa Kiswahili huenda pande zote mbili: "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu kwa jirani" ni kitenzi kilekile, na anayesikia hujua nani katoa na nani kapokea kwa maneno mengine yaliyomo. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha mtoaji na kingine cha mpokeaji. Kwa hiyo weka kando kuazima, chukua jozi ya kukopa na kukopesha, hata kama kinachotajwa si pesa. Penye kukopa ni "borrow", penye kukopesha ni "lend". "Can I borrow your pen?" maana yake nikope kalamu yako, "Can you lend me your pen?" maana yake unikopeshe. Lile kosa linalosikika kila mara, "Can you borrow me your pen?", linatokana moja kwa moja na "niazime".

Kisha tazama kinachofuata kitenzi. Mpokeaji hutumia "from": "I borrowed it from my sister." Mtoaji humtaja mtu papo hapo, "She lent me the book", au hutumia "to", "She lent the book to me." Wakati uliopita wa "lend" ni "lent", hakuna "lended".

Mnyambuliko huu wa kutendesha ni hazina ambayo wanafunzi wengi hawaitumii. Kukumbuka ni "remember", kukumbusha ni "remind". Ukisema moyoni "nikumbushe nimpigie simu", huwezi tena kuandika "Remember me to call him", utaandika "Remind me to call him."

"Rise" na "raise", "lie" na "lay": kila mtihani napoteza alama hapa. Kuna njia ya uhakika?

Ipo, na ni ileile. Kupanda na kupandisha: "Prices rose", bei zilipanda, "They raised the prices", walipandisha bei. "Raise" lazima iwe na kitu kinachopandishwa, "rise" haikubali kitu. Jiulize "nini?" baada ya kitenzi. Walipandisha nini? Bei. Jibu likipatikana, andika "raise". Maumbo yake ni "rise, rose, risen" na "raise, raised, raised".

Kwa "lie" na "lay", tumia kulala na kulaza. "I lie on the bed", nalala kitandani. "I lay the baby on the bed", namlaza mtoto kitandani. Hadi hapo ni rahisi. Tatizo linaanza katika wakati uliopita, kwa sababu wakati uliopita wa "lie" ni "lay", yaani umbo lilelile la kitenzi cha pili. Sentensi "Yesterday I lay on the bed all day" ni sahihi kabisa, na maana yake ni nililala, si nililaza. Ongeza na "lie" ya kudanganya, unapata mistari mitatu ya kukariri kwa sauti hadi itoke yenyewe:

lie, lay, lain (kulala)
lay, laid, laid (kulaza, kuweka, pia kutaga)
lie, lied, lied (kudanganya)

Umbo la "-ing" ni "lying" kwa kulala na kudanganya, "laying" kwa kulaza. Utawasikia hata wenye lugha yao wakisema "lay down" wakimaanisha jilaze. Katika mazungumzo hupita bila shida, ila kwenye mtihani andika "lie down".

Lini niseme "say", lini niseme "tell"?

Hapa Kiswahili kinakubeba vizuri. Kitenzi -ambia hakisimami bila mtu ndani yake: aliniambia, nilikuambia. "Tell" ina tabia hiyohiyo, inataka mtu mara tu baada yake: "She told me the news." "Say" ni kusema, haihitaji mtu, na ukimtaja lazima utangulize "to": "She said to me." Kwa hiyo "She said me" ni kosa sawa na "alinisema" kwa maana ya aliniambia, na "She told that she was tired" ni pungufu kwa sababu hatujui aliambiwa nani.

Amri huenda na "tell": "He told me to wait", aliniambia nisubiri. Yapo mafungu machache ambayo "tell" hukaa bila mtu, na hayo ni ya kukariri tu: "tell the truth", "tell a lie", "tell a story", "tell the time", "tell the difference".

"Affect" au "effect"?

Kuathiri ni "affect", athari ni "effect". Ukiona "the", "an" au "no" mbele yake, karibu kila mara ni "effect". Baada ya "effect" huja "on" ("It had an effect on her health"), lakini baada ya "affect" usiweke kihusishi chochote: "It affected her health."

Niliandika "Send the form until Friday" nikasahihishwa kuwa "by Friday". Si yote ni mpaka Ijumaa?

Ndiyo, kwa Kiswahili "mpaka" au "hadi" hubeba maana zote mbili. Kwa Kiingereza angalia kitendo chenyewe. Kama kinaendelea muda wote na kukoma Ijumaa, ni "until": "Keep the form until Friday", kaa nayo hadi Ijumaa. Kama kinafanyika mara moja, wakati wowote kabla siku haijapita, ni "by": "Send it by Friday", itume, isizidi Ijumaa. Basi jaribu kuweka "isizidi". Ikikubali, ni "by".

Kwenye ukanushi uwe mwangalifu zaidi, maana sentensi zote mbili ni sahihi ila hazisemi jambo moja. "I won't finish until Friday": nitamaliza, ila si kabla ya Ijumaa. "I won't finish by Friday": Ijumaa itapita sijamaliza. Ukimwandikia mtu anayesubiri kazi yako, tofauti hiyo ni kubwa.

Nikisema "I live here" watu husikia "I leave here". Nifanyeje?

Kiswahili kina irabu tano, na i yetu iko karibu zaidi na ile ya "leave". Ndiyo maana "live" ikipita kinywani mwetu hugeuka "leave". Wengi hujaribu kuifupisha tu, na haitoshi, kwa sababu sauti yenyewe ni nyingine. Kwa "leave" tandaza midomo na uivute i. Kwa "live" legeza midomo na ulimi, anza na i kisha shusha taya kidogo kuelekea e, usimame kabla hujaifikia.

Andika kwenye vikaratasi 12 jozi hizi: "live, leave", "sit, seat", "fill, feel", "ship, sheep", "hit, heat", "rich, reach". Vichanganye, visome kimoja kimoja ukijirekodi kwa simu, na uhifadhi mpangilio wake. Kesho yake sikiliza bila kutazama na uandike unachosikia, kisha linganisha. Jozi unayokosea ndiyo ya kurudia, zilizobaki ziache.

Tahajia husaidia kwa kiasi: "ee" na "ea" mara nyingi ni sauti ndefu. Lakini "bread" na "head" zina e fupi, na "police" na "machine" zina i ndefu ingawa zimeandikwa kwa i moja. Na "live" ikiwa kivumishi, kama katika "a live broadcast", yaani matangazo ya moja kwa moja, hutamkwa laivu bila ile u ya mwisho.