Bayogesi kwenye ndoo ya chumvi haiwi methanoli

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina ng'ombe sita na mtambo wa bayogesi huku Njombe, na kila siku gesi inabaki. Kuna kijana anauza kifaa cha ndoo, maji ya chumvi, vijiti viwili vya kaboni na betri ya sola. Anasema umeme huivunja methani, ile gesi inayowaka ndani ya bayogesi, ikawa methanoli, alkoholi inayowaka, nami nitauza mafuta. Alinionyesha: maji yalitoa mapovu, yakanuka dawa, na alipowasha kiberiti kwenye bomba la kutokea, moto ukawaka. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Maswali ya ndoo hii nayapata mara kwa mara, na kinachonikera ni hicho kiberiti. Gesi iliyoingia ndiyo hiyo hiyo inayowaka jikoni kwako. Ikitokea upande wa pili ikawaka tena, imethibitisha nini? Mapovu ni maji yanayovunjika, na haidrojeni nayo inawaka. Ile harufu ya dawa ni dawa kweli: chumvi na umeme kwenye ndoo moja hutengeneza jiki. Kijana anakuuzia mashine ya jiki kwa bei ya kiwanda cha mafuta.

Methani yenyewe haijaguswa. Kwanza, haipendi maji: lita moja ya maji kwenye nyuzi joto 25 huyeyusha takriban miligramu 22 tu. Hata zote zikigeuka, unapata miligramu 44 za methanoli, yaani tone moja au mawili. Lakini kosa kubwa ni hilo neno "kuvunja". Watu hudhani kazi ni kuongeza umeme mpaka methani isalimu amri. Kwa hesabu ya karatasi, volti 0.6 hivi zinatosha kupata methanoli kutoka methani na maji. Shida ni kuyasimamisha mabadiliko hayo yakishaanza. Kifungo cha kaboni na haidrojeni ndani ya methani kinahitaji kilojuli 439 za nishati kwa moli (kipimo cha wanakemia cha idadi ya molekuli) kukatika. Ndani ya methanoli ni karibu 402. Kwa hiyo chochote chenye nguvu ya kuishambulia methani kitaimaliza methanoli mapema zaidi, mpaka ibaki kaboni dioksaidi. Ni kama dume mkaidi unayemsukuma atoke zizini: akishatoka hasimami mlangoni, utamkuta kwenye mahindi ya jirani.

Maabara duniani zinahangaika na mlango huo huo. Wengine hupitisha oksijeni ndani ya kauri kwenye nyuzi joto 700 hadi 900 ili methani itoe ethilini, malighafi ya plastiki. Bakteria aitwaye Methylococcus capsulatus anatengeneza methanoli kwenye joto la kawaida, kwa kimeng'enya chake (protini inayoharakisha kazi za kemikali), bila betri. Viwanda vimeamua kuzunguka: huigonga methani kwa mvuke mkali hadi ibaki monoksaidi ya kaboni na haidrojeni, kisha huziunganisha upya juu ya kichocheo cha shaba na zinki kwa mgandamizo mara makumi ya ule wa hewa ya kawaida. Rwanda wanavuta methani kutoka Ziwa Kivu, na mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 unaichoma tu kupata umeme. Wangekuwa na njia ya ndoo wasingeitumia?

Sasa la hatari, na hili ni kwa wote mnaotumiwa video hizi. Ndoo yenye kifuniko ikikusanya haidrojeni, oksijeni na methani pamoja, ni bomu linalosubiri cheche. Klorini ikitoka, inachoma mapafu. Ikikutana na methani au haidrojeni kwenye jua, inaweza kulipuka. Na tuseme methanoli imepatikana: utaiweka kwenye chupa gani, na nani ataidhania kuwa spiriti? Kenya, Mei 2014, pombe iliyochanganywa methanoli iliua makumi ya watu na kuwapofusha wengine.

Wewe gesi yako ina thamani ilivyo. Mita moja ya ujazo ya bayogesi ina joto la takriban kilowati-saa 6. Jenereta ndogo itakurudishia umeme wa kilowati-saa 1.5 hadi 2. Kabla ya injini, ipitishe kwenye chombo chenye stilwaya iliyoshika kutu, ili ile gesi ya mayai viza isile vyuma. Stilwaya ikiwa nyeusi yote, badilisha, na ya zamani itupe mbali na nyasi kavu: ikikutana na hewa hupata moto yenyewe.