Mota ya sirisi haijaribiwi na pakiti nzima

Jana nilimdaka kijana mkono hapa karakana, Industrial Area, waya wa betri ukikaribia kabisa mota ya sirisi ya foklifti iliyokuwa imelala mezani. Volti 48, pakiti nzima. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Ni wa tatu mwaka huu, wadogo zangu, kwa hivyo naandika.

1. Ng'oa plagi ya betri, maliza chaji ya kapasita za kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa mota) kwa rezista, kisha hakikisha kwa mita. Saa na pete ziende mfukoni.

2. Brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, ziwekee alama kabla ya kuzitoa. Komyuteta (silinda ya vipande vya shaba inayoguswa na brashi) yenye rangi ya chokoleti ni nzima, acheni kuisugua ing'ae! Vumbi la kaboni hupitisha umeme, basi lipulize kwa hewa kavu ukiwa na barakoa ndipo upime insulesheni kwa mega, nyaya za kontrola zikiwa zimetengwa.

3. Kujaribu mota. Mwaka wangu wa pili kazini nilibadilisha brashi za mota kama hiyo. Nilizikalisha vizuri kwa msasa, springi zikasukuma sawasawa. Mwenye mashine alikuwa amesimama mlangoni, mizigo yake imelala ghalani, nami nilitaka asikie mota ikilia. Sikuifunga popote. Niligusisha pakiti nzima.

Ilinguruma vizuri, kisha sauti ikapanda, ikapanda tena, ikawa mluzi. Kwenye sirisi, mkondo wa amecha (sehemu inayozunguka) ndio huohuo wa fildi (koili zinazotengeneza usumaku). Pasipo mzigo mkondo hushuka, fildi hudhoofika, na amecha hulazimika kukimbia zaidi ili izalishe volti ya kuipinga betri. Haipati pa kutulia. Haya niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama zote. Siku ile niliyasahau kwa sababu mtu alikuwa ananitazama.

Nilipong'oa waya, vipande vya shaba vya komyuteta vilikuwa vimeinuka na brashi mpya zimekuwa vigae. Mota iliruka mezani ikagonga sakafu kando ya mguu wa mwenzangu. Hakuumia. Hakunisemesha hadi jioni, na alikuwa na haki. Mwenye mashine nilimfuata mwenyewe mlangoni nikamweleza nilichofanya. Alikaa wiki tatu bila foklifti. Bado nausikia ule mluzi.

4. Basi volti 12, mota imebanwa kwa bolti, sekunde chache tu, mkono hauachi swichi. Cheche ndogo chini ya brashi zinavumilika, lakini zikizunguka komyuteta nzima, zima. Ninyi mliotoka kwenye boda za umeme ndio mnaonitia hofu zaidi, maana mota zenu hazina brashi na kontrola ndiyo inayowalinda. Hapa mezani hakuna kontrola.

Yule kijana wa jana leo amefika kabla yangu. Nimemkuta ameshaibana mota kwa bolti nne, betri moja ya gari iko kando, swichi haijaguswa. Ananingoja.