Kahawa inauzwa kihambani, Helsinki unakwenda kusaini tu

Tangu niweke picha nikiwa nimesimama mbele ya lile kanisa jeupe la Helsinki, mji mkuu wa Ufini nilikokwenda kuuza kahawa yetu ya Kilimanjaro, simu yangu haijapumzika. Pongezi ni nyingi, nashukuru. Lakini kuna dada mmoja kaniandikia: "Dada yangu, nani alikushika mkono? Mimi kahawa yangu ni nzuri kuliko yako, ila sina mtu." Ujumbe huo umenichoma, na ndio umenifanya niandike.

Hakuna aliyenishika mkono. Aliyetaka kunishika mfuko yupo: mshauri mmoja wa hapa mjini aliyedai dola ili "aniunganishe na wazungu". Na wapo waliosema kwenye kikao, mbele yangu, kwamba nakwenda Ulaya kupiga picha. Sawa, picha nimepiga. Mkataba nao nimesaini.

Mnunuzi nilimtafuta mwenyewe. Ni wakaangaji wadogo wa kahawa wa huko Helsinki. Niliwaandikia barua pepe, nikawatumia sampuli, nikaambatanisha maelezo ya kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, ilikotoka. Wakakaa kimya hadi nikasahau. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi kama risiti: wameionja, wangependa nije tuonje pamoja.

Mambo ya viza siyarefushi. Barua ya mwaliko, taarifa ya benki inayoeleweka, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, ada ya euro 90, alama za vidole. Sema ukweli, peleka mapema.

Sasa tuongelee kahawa. Wafini ni miongoni mwa wanywaji wakubwa kabisa wa kahawa duniani, kama kilo kumi kwa mtu kwa mwaka. Lakini wengi wao wanaipenda ikiwa imekaangwa kidogo tu, rangi ya hudhurungi hafifu, halafu wanaichuja kwa karatasi na kunywa vikombe vikubwa kutwa nzima. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi huficha dhambi nyingi. Hii ya kwao haifichi. Maji yao nayo ni safi ajabu. Ya Helsinki yanatoka ziwa Päijänne kwa handaki la kilomita 120 lililochimbwa ndani ya mwamba. Kwa hiyo kinachobaki kikombeni ni kazi yako wewe. Kama mlichanganya mbichi na mbivu, watajua. Kama kahawa ililala kwenye tangi ikachachuka kupita kiasi kwa sababu mtu alienda msibani bila kuacha maagizo, watajua. Kama gunia liliwekwa stoo moja na mafuta ya taa, ndugu yangu, watajua hata kabla ya kulifungua.

Tulionja vikombe vimepangwa kwenye meza ndefu. Kila mtu na kijiko chake, hakuna anayesema neno. Mimi niliyezoea mnada wa Moshi nilidhani nimekwisha. Kumbe ndivyo wanavyofanya kazi. Hawasifii ili kukufurahisha, na ukianza kujazia kimya kile kwa maneno unajiharibia. Nikanyamaza nao. Baadaye mzee mmoja wa pale akaniuliza mambo ya Tanzania kwa upole sana, akanikumbusha kwamba Martti Ahtisaari, aliyekuwa rais wao na baadaye akapata Nobeli ya amani mwaka 2008, aliwahi kuwa balozi kwetu miaka ya 1970. Nilikuwa nalijua hilo. Soma kidogo kuhusu watu unaowaendea, mimi nilisoma.

Jambo lililotuchukua muda mrefu halikuwa bei, lilikuwa miti. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kahawa isitoke kwenye shamba lililokatiwa msitu baada ya mwisho wa mwaka 2020, na uonyeshe shamba liko wapi hasa. Na kihamba cha Kilimanjaro ukikitazama kwa setilaiti unaweza kudhani ni msitu: miti mirefu juu, migomba katikati, kahawa chini ya kivuli. Nilikuwa na vipimo vya jipiesi (GPS) vya shamba la mkulima mmoja mmoja, nilivyokusanya kwa kutembea kwa miguu yangu, mvua ikininyeshea, huku wengine wakiniita karani asiye na ofisi. Nikavifungua mezani. Nikawaeleza kwamba bibi zetu walilima hivi, kahawa na migomba pamoja, na miti ile hatuikati kwa kuwa ndiyo inayofunika kahawa. Walipoanza kuandika nilijua mzigo umeuzika.

Wanaoniuliza kuhusu matembezi: nendeni, msijifungie hotelini. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo tembea asubuhi. Tiketi ile ile ya usafiri wa mjini inakupandisha kivuko hadi Suomenlinna, ngome ya visiwani ambayo Waswidi walianza kuijenga mwaka 1748. Ni mwendo wa robo saa, upepo wake ni wa kukata masikio. Kanisa la Temppeliaukio limechongwa ndani ya jabali, nililipenda kuliko lile jeupe. Maktaba ya Oodi, iliyofunguliwa mwaka 2018 mkabala na Bunge, ina vyerehani na mashine za kuchapisha, na kuingia ni bure. Nilikaa pale nikipiga hesabu zangu upya kabla ya kikao. Kando ya bandari kuna supu ya samoni yenye viazi na maziwa ambayo itakurudishia uhai. Na sauna, ukialikwa, usikatae. Kwenye za umma utauliza tu: kuna zinazotenganisha wanawake na wanaume, kuna za kuvaa nguo za kuogelea. Nilidumu muda mfupi wa aibu, lakini niliingia.

Jiandae, dada. Narudia, jiandae. Acha kutafuta mtu wa kukushika mkono wakati kahawa yako hujawahi kuionja mwenyewe. Wangapi kati yetu tunauza kahawa na nyumbani tunakunywa chai? Chuma mbivu tupu. Osha vizuri. Anika kwenye vichanja, geuza, funika jua kali likizidi. Andika kila kitu. Wanaokucheka kikaoni waache wacheke, maana hao hao sasa wananiomba anwani ya barua pepe, na bado nafikiria kama niwape.

Na aliyeniuliza lile koti nimelinunua duka gani la Ulaya: ni mtumba wa soko la Memorial, hapa hapa Moshi. Fika mapema asubuhi mabelo yanapofunguliwa, na uvae sweta ndani unapojaribisha.