E. coli kwenye maji ya kisima: ubaya wao uko wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Tumepima maji ya kisima chetu, cheti kinasema E. coli 14 kwa mililita 100. Lakini nasikia bakteria hao wamo tumboni mwa kila mtu, na ndio wanaotengeneza insulini. Mama ana sukari, anajidunga kila siku. Sasa tuogope nini?

Jibu: Marahaba. Uliyosikia ni kweli. Daktari wa watoto Theodor Escherich aliwakuta kwenye kinyesi cha vichanga mwaka 1885, huko Munich. Wengi wao hukaa utumboni bila kumdhuru mtu. Hutengeneza vitamini K na kuwabania nafasi vijidudu waharibifu. Wakipata chakula cha kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi, ndiyo maana mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani waliwapandikiza jeni ya insulini ya binadamu. Dawa hiyo iliidhinishwa mwaka 1982. Awali wagonjwa walitegemea kongosho za ng'ombe na nguruwe. Insulini ya mama imesafishwa, haina bakteria. Asiache kujidunga.

Kisima ni habari nyingine. Maabara tunachuja mililita 100 kwenye karatasi yenye vitundu vidogo mno, tunailaza juu ya chakula cha bakteria na kuiacha kwenye joto la nyuzi 44 mpaka kesho yake. Kila kidoa cha bakteria kinachoota tunakihesabu. Kwenu vilikuwa 14. Vinatakiwa viwe sifuri. E. coli makao yao ni utumboni, kwa hiyo wakionekana majini, kinyesi kimeingia, cha mtu au cha mnyama. Na njia waliyopitia wao ndiyo wanayopitia kipindupindu na homa ya matumbo, ambavyo kipimo chenu hakikuvitafuta. Hilo ndilo linalonitia hofu. Tena wapo E. coli wakali wenyewe, kama O157:H7, ambao sumu yao huweza kuua figo za mtoto mdogo.

Kuanzia leo chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote, na ya kupigia mswaki pia. Kagueni choo cha shimo kiko umbali gani (chini ya mita 30 ni karibu mno), kama mdomo wa kisima una ufa, na ndoo ya kutekea inawekwa wapi. Rekebisheni hayo kwanza, ndipo mtie klorini. Msipeleke sampuli nyingine kabla harufu ya klorini haijaisha kabisa, maana mtapewa sifuri ya uongo.